Bonde la Roda na Trekta ya Hezekiah

Shemeji yangu Hezekiah Lusweti hana haraka ya kusema. Ukimsalimia asubuhi, jibu lake unaweza kulipata ukiwa umeshafunga lango nyuma yako. Wanaomjua humsubiri, wasiomjua hudhani ana kiburi. Mimi Cherono nimemsubiri zaidi ya miaka thelathini, tangu nilipoolewa na mdogo wake nikiwa msichana mwembamba wa Kinandi asiyejua hata kusonga obusuma, yaani ugali, ukashikana. Mume wangu tulimzika zamani, lakini sikuondoka. Nyumba yangu na ya Hezekiah zimetenganishwa na ua mmoja tu wa miiba, na hakuna kikohozi cha upande ule nisichokijua. Pamoja na hayo yote, mwaka huu alinipiga chenga peupe, nikiwa nadhani nimemshika shati.

Jambo lenyewe lilikuwa trekta.

Hapa Lugari sisi sote ni watu wa mahindi, na karibu sote ni watoto wa waliohamia. Hezekiah aliletwa akiwa mdogo, juu ya lori, amekalia gunia la mbegu, wakati mashamba ya Wazungu yalipogawanywa. Babake alipata kipande kinachoanzia barabarani, kikateremka taratibu, halafu kikaangukia kwenye kijito. Hezekiah alikua akikilima kwa ng'ombe. Alikuwa na fahali wawili aliowapenda kupita kiasi, na watu wanasema alikuwa akiwaomba radhi kila alipowachapa. Mpaka leo hutamkuta ameketi wakati shamba linalimwa. Hata kama anayelima ni mtu wa kulipwa, yeye husimama pembeni, kofia mkononi, mpaka mfereji wa mwisho.

Baadaye fahali wakazeeka, malisho yakaisha, tukaingia katika utumwa wa trekta za kukodi. Trekta ya kukodi huanza kwa wenye mashamba makubwa. Wewe wa vishamba vidogo unaambiwa kwa simu, "Tunakuja kesho," na hiyo kesho ina watoto na wajukuu. Mvua inanyesha, mahindi ya jirani yamefika gotini, nawe ungali unatazama barabara. Hezekiah alichoka. Aliuza mikaratusi ambayo mkewe aliipanda kabla hajafa, akaongeza akiba ya maziwa, akatangaza kwamba atanunua trekta ndogo, ya kuwalimia watoto wake.

Watoto wake ni watatu. Mkubwa ni Roda, nitamfikia. Anayemfuata ni Sifuna, ambaye amejenga hapa hapa nyumbani na analima sehemu ya juu, upande wa kulia. Wa mwisho ni Ignatius, karani katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Huyo anaishi mtaa wa Shieywe na huja wikendi, viatu vimeng'aa, kuangalia sehemu yake ya juu upande wa kushoto. Katikati ya ndugu hao wawili Hezekiah alijibakizia kipande chake mwenyewe, kinachoanzia barabarani kama vyao, udongo mwekundu, laini, ambao hata ukiangusha kijiti cha kuni kitaota.

Roda alikuwa ameolewa Matungu, kwa watu wa miwa. Ndoa ikavunjika, akarudi na binti zake wawili na sufuria chache. Sitaeleza kilichomtoa huko. Anayetaka kujua amuulize mwenyewe, kama ana ujasiri huo. Hezekiah alimpokea bila swali. Akamjengea nyumba ya mabati nyuma ya zizi, pale mteremko unapoanza, na msimu wa kulima ulipofika akamwonyesha bonde lile la chini, kandokando ya kijito. Kwa desturi ya hapa, binti hana shamba kwa baba. Akirudi, anaonyeshwa mahali pa mboga, na watu wanasifu. Sisi pia tulimsifu Hezekiah. Mimi nilimsifu kanisani, kwa sauti.

Bondeni udongo ni mweusi, wa kunata. Kiangazi unapasuka na kuwa mgumu kama kigae. Mvua ikija, gambuti inabaki matopeni na mguu unatoka mtupu. Hakuna trekta iliyowahi kukubali kushuka huko. Roda hulilima kwa jembe. Hupanda nduma kwenye maji yenyewe, mboga za kienyeji kando, na mahindi pale anapodhani patakauka. Akimaliza huko, hupanda juu kumpikia babake, kumfulia, na kumpeleka kliniki ya presha siku zake zikifika. Sijawahi kumsikia akilalamika, na nikakosea kwa kudhani asiyelalamika ameridhika.

Sasa turudi kwenye trekta. Kwanza niseme lililonichanganya. Jumapili moja baada ya ibada tulikutana sebuleni kwa Hezekiah, nikamsikia Sifuna akisema anataka trekta ya magurudumu mawili. Nikadhani ni ile mashine ya kusukumwa kwa mikono kama mkokoteni. Nikamwambia, "Baba yenu na umri huu ataisukuma vipi?" Walicheka mpaka chai ikamwagika. Kumbe trekta zote zina magurudumu manne, ila tofauti ni yapi yanayovuta. Zile wanazoita za mawili huvuta kwa magurudumu makubwa ya nyuma peke yake. Yale madogo ya mbele kazi yake ni kuelekeza tu. Zile za manne huvuta kwa yote, mbele na nyuma.

"Ya mawili inatosha," Sifuna alisema. "Shamba yetu huku juu ni tambarare. Hiyo ya manne utapeleka wapi, kupanda nayo Mlima Elgon?"

Ignatius alikuwa ametoa simu yake, ana video za kila aina. "Na kugeuka je, mzee? Hivi vishamba vyetu ni vyembamba. Ya mawili inakata kona fupi, poa kabisa. Ya manne inazunguka ni kama lori. Halafu ni nzito, inakunywa dizeli, na ikiharibika huko mbele fundi unatoa Eldoret. Hiyo ni kujitafutia shida bure."

Nikiri kwamba maneno yao yalikuwa na maana. Mtu mwenye shamba dogo, kavu, lisilo na mteremko mkali, haoni faida ya kulipia magurudumu ya mbele yavute. Wanaume wawili wazima, wote wanapatana, jambo ambalo katika boma lile hutokea wakati wa mazishi tu. Hezekiah aliwasikiliza mpaka mwisho. Roda alikuwa akizungusha birika.

"Nataka ya manne," Hezekiah alisema.

"Kwa nini, baba?"

"Nataka."

Basi. Wakabishana mpaka jua likageuka, naye akarudia neno lile lile. Sifuna alitoka nje akisema mzee anataka tu kuonekana barabarani. Ignatius akasema uzee ukifika mtu huanza kupenda vitu vikubwa. Nami nilibaki nimekaa, nikimtazama Roda akikusanya vikombe, na ghafla nikaona. Bonde! Huku juu trekta yoyote inatosha. Mahali pekee panapohitaji magurudumu manne ni kule chini kwa Roda. Mzee huyu alikuwa tayari kulipa bei ya juu ili binti yake naye alimiwe, ila hakutaka kusema mbele ya wanawe, kwa sababu wangeuliza tangu lini trekta ya familia ikanunuliwa kwa ajili ya binti aliyerudi.

Nilimfuata zizini jioni ile. Machozi yalinilenga, siwezi kuficha.

"Unataka ya manne kwa sababu ya Roda," nikamwambia.

Aliendelea kumkamua ng'ombe. Nilisubiri, kama ninavyojua kusubiri.

"Mulamwa," alisema mwishowe, maana ndivyo wao humwita shemeji, "kuna maneno ukiyasema mapema yanapatanga maadui."

Nilirudi nyumbani nikimwona mtakatifu. Kesho yake nikampigia Kipngeno, mtoto wa binamu yangu kule Turbo, ambaye anaishi kwa kuendesha na kutengeneza trekta na ana ya kwake ya manne. Nikamwambia aje tuwafunge hawa vijana midomo. Naye Sifuna, kusikia hivyo, akaazima ya mawili ya jirani yetu Wanjala. Wakakubaliana kukutana mvua za kwanza zikishanyesha kidogo, ili ardhi iseme yenyewe.

Siku hiyo ilifika, na nusu ya kijiji ilikuja. Trekta mbili kwa pamoja ni harusi. Walianzia juu, na niseme ukweli, ya mawili ilifanya kazi nzuri. Sifuna aliiendesha mwenyewe. Ilikata udongo mwekundu kwa mistari iliyonyooka, ikifika mwisho inageuka pale pale karibu na migomba bila kugusa hata jani. Ya Kipngeno nayo ililima vizuri, lakini ilipogeuka ililalia mstari mzima wa nyasi za napia. Sifuna alimwangalia babake, akatabasamu. Ignatius akapiga picha ile napia iliyolala.

Hezekiah alikuwa amesimama, kofia mkononi. "Sasa twende chini," alisema.

Watu walitazamana. Sifuna aliteremka nayo hata hivyo, maana hakutaka kuonekana anaogopa. Haikufika mbali. Magurudumu ya nyuma yalianza kuzunguka mahali pamoja, yakirusha matope mpaka kwenye mabati ya Roda. Kadiri alivyokanyaga mafuta ndivyo ilivyozama. Yale ya mbele yalikaa tu, yakitazama. Ilipozama mpaka tumboni akazima, akashuka, na gambuti moja ikabaki.

Kipngeno alicheka, lakini kwa adabu. Alifunga mnyororo, akaingiza gia ya kuvuta kwa yote, akaitoa ile nyingine polepole mpaka mahali pagumu. Halafu akateremsha jembe lake na kuingia bondeni.

"Si unaona, mzee?" alipaza sauti juu ya mngurumo. "Ya nyuma ikiteleza, ya mbele inashika. Ya mbele ikiteleza, ya nyuma inasukuma. Haisimami."

Na kweli haikusimama. Kwa mara ya kwanza tangu mashamba haya yagawanywe, bonde lile lilipinduliwa na trekta, udongo mweusi ukilala vipande vikubwa vinavyong'aa. Wanawake tulipiga vigelegele. Mimi nilipiga kuliko wote, kwa sababu nilijua siri. Hata Ignatius alishusha simu. Hezekiah alikuwa anatabasamu, jambo ambalo si la kila mwaka, na akamwita bintiye. Humwita "mayi", yaani mama, kwa kuwa Roda alirithi jina la mama mzazi wa Hezekiah.

"Mayi, umeona? Sasa na wewe utalimiwa."

Roda hakuwa amepiga makofi. Alikuwa amesimama kando ya mfereji wa kwanza ambao Kipngeno aliuchimba. Mfereji ule ulikuwa tayari umeanza kujaa maji kutoka chini, maji ya rangi ya chai.

"Nimeona, baba," alisema.

"Haufurahi?"

Ana ukimya wa babake huyu, ila wake una mwisho.

"Baba, hii trekta imeingia na imetoka. Mimi ndiye nitabaki hapa na maji. Mwezi wa tano mahindi huku inakuwanga ya njano, si ati kwa sababu sijalima. Ninalimanga sana. Hata ukinilimia na treni, maji itakuja tu." Alifuta mikono kwenye leso. "Unataka kununua kitu ya bei kubwa hivi ndio usiwaambie hawa ndugu zangu neno moja ndogo."

Sifuna aliangalia mguu wake usio na gambuti. Kipngeno, mtoto wa watu, alijifanya anakagua oili. Hezekiah alivaa kofia yake, akapanda kilima peke yake bila kuangalia nyuma, na hatukumwona tena mpaka chakula.

Nilikasirika. Hasira ya kweli, ya kifuani. Mgeni amekuja kutoka Turbo, mzee ametoa moyo wake hadharani, na huyu msichana anammwagia maji baridi mbele ya kijiji! Nilimkuta jikoni akinyonyoa ingokho, kuku wa kumpikia Kipngeno, nikaanza kabla sijaketi.

"Umemwaibisha baba yako. Nani mwingine hapa Lugari ananunulia binti trekta? Nani?"

Roda aliendelea kunyonyoa. Manyoya yalimpanda mpaka kwenye nywele.

"Mama," aliniambia, maana ndivyo anavyoniita, "wewe ulipofiwa na baba mdogo, walikuonyesha kulima wapi?"

Mimi nilibaki pale pale nilipokuwa. Nalima juu, udongo mwekundu, karibu na barabara, na hakuna aliyewahi kunisogeza. Mimi niliyekuja na sanduku moja kutoka kwa watu wengine, lugha nyingine, nilibaki juu kwa sababu niliolewa na mwana wa hapa. Yeye aliyezaliwa hapa, aliyejifunza kutembea kwenye udongo huo, alirudi akaonyeshwa matope. Miaka yote nilikuwa nimelitazama bonde lile nikiwa juu na sikuliona. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi sikuwa nimeketi hata pembeni ya kile.

Nilichukua upande mmoja wa kuku nikaanza kunyonyoa. Nilikuwa nimehama upande, na nafikiri alijua.

Siku zilizofuata Hezekiah hakumsemesha mtu kuhusu trekta. Sifuna alijaribu, akajibiwa kuhusu mbolea. Ignatius alipiga simu kutoka Shieywe, mzee akamuuliza hali ya hewa mjini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, kwa hiyo nilikaa nikisubiri mshindo. Nilichokiona kilikuwa kidogo. Kila mvua ilipokatika, mzee alishuka bondeni akiwa na gambuti na fimbo. Anasimama katikati ya maji. Anachoma fimbo chini, anaitazama imezama kiasi gani, anasogea, anachoma tena. Siku moja alimkuta Roda akipandikiza nduma. Kutoka uani kwangu niliwaona wameinama wote wawili, lakini walichozungumza upepo haukuniletea.

Kisha lori likaleta trekta. Ndogo, nyekundu, nzuri sana. Magurudumu ya mbele membamba, ya kuelekeza tu.

Ya mawili.

Niliruka ua wa miiba, gauni likachanika. Nilimkuta anaizunguka kwa kitambaa, akiifuta vumbi la safari.

"Ndiyo umeamua hivyo?" nikamwambia. "Mtoto amekuambia ukweli, nawe unamwadhibu! Umewapa wavulana walichotaka. Basi mpe Roda jembe jipya na wewe umalize."

Aliendelea kufuta. Nikamwambia mengine ambayo sitayaandika. Alipomaliza taa zote mbili alikunja kile kitambaa.

"Mulamwa, hilo bonde halilimwi na trekta. Ya mawili, ya manne, hata ya kumi. Ni mahali pa nduma na nyasi ya ng'ombe. Ningekuwa nimenunua uongo mkubwa wa kuvuta na magurudumu yote."

"Na Roda?"

"Kuja Jumamosi."

Jumamosi ilikuwa siku ya kuombea trekta. Kwetu huwezi kununua chombo kama kile ukakiingiza shambani hivi hivi. Lazima mchungaji akiwekee mikono, watu waimbe, wale. Mchungaji aliomba kwa muda mrefu, akaifunga ajali, akafunga wezi wa betri, akafunga na wivu wa majirani, na hapo watu kadhaa waliitikia amina kwa sauti ndogo. Ignatius alikuwa amefika na viatu vyake. Sheria inayosema mtoto ni mtoto, wa kike au wa kiume, anaijua kwa moyo na huwaeleza watu ofisini kila siku. Nafikiri huiacha mjini akija kwetu.

Maombi yalipokwisha, Sifuna alipanda kitini. Ni desturi kwamba chombo kipya kikiingia nyumbani, kinaanza na kazi ya mtoto mkubwa, ndipo wengine wafuate. Akageuza usukani kuelekea kwenye shamba lake.

"Aanze mkubwa," Hezekiah alisema.

"Ndiyo, baba, naenda."

"Nimesema mkubwa."

Sifuna alitazama huku na huku, akamwona Roda amesimama na sisi wanawake, amebeba sinia la mandazi. Si mtu mbaya, Sifuna. Alionekana kama mtu aliyeulizwa swali rahisi akiwa usingizini.

"Lakini baba, hii ikienda kule chini itazama. Uliona."

"Nani amekutuma chini?" Hezekiah alivua kofia, akatembea mpaka kwenye kipande chake cha katikati, akasimama kando ya barabara. "Roda. Weka hiyo sinia. Kuja hapa."

Ignatius alielewa kabla yetu sote. Kipande cha mzee, kwa mila ya hapa, humwangukia mtoto wa mwisho wa kiume mzee akifa, na nadhani Ignatius alishapanga nyumba itakaa wapi. Alisogea haraka.

"Baba, samahani, lakini hiyo sehemu inajulikana ni ya nani."

"Ni ya nani?"

"Nasema baadaye. Kulingana na mila."

"Hayo ni ya nikikufa," Hezekiah alisema. "Leo niko hapa, nimevaa viatu."

Watu wengine walicheka, kisha wakanyamaza walipoona yeye hacheki. Ignatius alimtazama dada yake, ambaye zamani alimbeba mgongoni kumpeleka shule ya chekechea. Akarudi nyuma hatua, akaingiza mikono mifukoni.

Roda alikuwa amefika pale alipo babake. Mikono yake ilikuwa na mafuta ya mandazi, na hakujua aiweke wapi.

"Mwonyeshe ndugu yako mahali ya kuanzia na mahali ya kumalizia," Hezekiah akamwambia.

Roda hakutembea. Katika maisha yake yote, kwa babake, kwa mumewe, kwa babake tena, alikuwa ameonyeshwa shamba. Hakuna aliyewahi kumwambia aonyeshe. Alisimama mpaka nikaanza kusikia vidole vyangu vikiuma, kumbe nilikuwa nimeuma leso na ngumi pamoja. Mwishowe akaenda kwenye mpaka wa Sifuna, akaingia kwenye kipande cha babake hatua chache, akakandamiza kisigino ardhini kuweka alama. Ulikuwa upana wa kitalu cha sukuma wiki.

"Hapa inatosha, baba."

"Ongeza," Hezekiah alisema.

Akaongeza. Akasimama tena, akamwangalia Ignatius, akamwangalia babake.

"Hapa?"

"Ongeza, mayi."

Akaenda tena, sasa amefika kwenye mabua ya mahindi ambayo mzee mwenyewe alivuna mwaka jana, meupe, yamelala. Aliyaruka kwa uangalifu, kana kwamba yana mwenyewe aliyelala. Nusu ya kipande ilikuwa imebaki nyuma yake. Aligeuka, na machozi yalikuwa yameshafika kidevuni.

"Baba, hapa ni kwako. Na wewe utalima wapi?"

Hezekiah alinyoosha mkono wenye kofia kuelekea kijitoni, kule ambako ukungu ulikuwa haujaondoka.

"Kule chini," alisema. "Utakuja kunifundisha vile nduma inapandwanga. Ongeza."